Zoezi la Kuandika Bila Macho

Jumamosi baada ya alasiri, Mwalimu Yustina aliwaambia wanafunzi wake waandike kuhusu mahali wanapopajua, ila wasitumie macho. Darasa lake la utunzi lilikuwa mtaa wa Chuno, nyuma ya duka la fundi cherehani, na wanafunzi wote walikuwa watu wazima. Kila mmoja akayatoa macho yake, akayaweka kwenye sahani mezani. Mwalimu akayafunika kwa kanga, inzi wasitue. Wakaandika kwa kupapasa.

Hafsa aliandika kuhusu Kilambo, kwenye kivuko cha Ruvuma. Mwanawe Hashimu alikufa pale mwaka jana, akivuka kwa mtumbwi. Watu walisema kiboko ndiye aliyeupindua. Kiboko akapigwa risasi, nyama ikagawanwa, maneno yakaisha. Hafsa alikuwa ukingoni siku hiyo, lakini alikuwa ameinama anafunga gunia la makopa ya muhogo. Hakuona kitu.

Kalamu yake ilipofika majini, chumba kikajaa sauti. Kwanza mto wenyewe. Kisha injini ya boti, inakohoa kabla ya kushika kasi. Kisha ubao ukavunjika. Hashimu akaita, "Mama," mara moja. Injini ikakohoa tena, ikaenda zake. Kiboko hakusikika.

Pale kivukoni injini ya kukohoa ni moja, ya Twahiru. Twahiru mwenyewe alikuwa amekaa benchi la mbele. Alijiunga na darasa ili aandike maisha yake.

"Dada Hafsa, umeandika vizuri," akasema.

"Sijaandika, kaka. Nimesikiliza. Waambie ni boti ya nani."

"Hadithi ni yako. Malizia mwenyewe."

Elia, fundi simu, alimnong'oneza Hafsa kwamba shemeji yake yeye Elia ameajiriwa na Twahiru, hivyo asimtegemee kuwa shahidi. Mwalimu alisema sauti zimekaa vizuri, ila mwisho umekatika. Kisha wakachukua macho yao. Doris alichukua ya mwenzake kwa makosa, wakabadilishana.

Zoezi lililofuata lilikuwa la ladha. Hafsa hakubadili mahali, aliandika tena kuhusu kivuko. Alipoandika sentensi ya kwanza, vinywa vya wote vilijaa maji ya mto, mazito kwa tope, yana damu kidogo. Wakamtazama Twahiru. Twahiru akameza, akajifuta midomo, akaomba karatasi nyingine.

Wengine nao wakameza. Hafsa peke yake alitoka nje kutema.