Mdomo wa Fundi Pengo

Wateja waliendelea kumwita Pengo ingawa pengo lenyewe halikuwepo tena. Zamani meno yake ya mbele, ya juu na ya chini, hayakukutana hata afunge mdomo kwa nguvu zote, na katika uwazi huo ndimo fundi huyu wa cherehani alimobana pini zake. Hakuzihesabu. Alizichomoa kwenye nguo akizirudisha mdomoni, na mdomo ukimwambia zimetimia, alimkabidhi mwenye nguo nguo yake. Kimto cha kuchomekea pini alichopewa zawadi kilikaa rafuni, kipya vilevile.

Kisha akapasuliwa taya. Sasa meno yalikutana, akawa anakata uzi kwa meno kama mafundi wenzake, na kioo cha wateja pale dukani alikitumia kuliko wateja wenyewe. Ila mdomo wa chini na kidevu vilikuwa na ganzi. Chai ilimchuruzika asijue. Daktari alimwambia hisia zitarudi taratibu, na mpaka zirudi asitie pini mdomoni. Pengo aliitikia vizuri sana. Kutii ndiko kulikomshinda.

Aliyemuuguza ni mdogo wake, mwenye mimba kubwa wakati huo, aliyemsagia supu na kumnywesha kama kinda. Mate yakimtoka dada mbele ya watu, yeye hakusema neno. Aligusa kidevu chake mwenyewe tu, na Pengo akajipangusa. Ndiyo maana mtoto alipozaliwa, Pengo alimshonea gauni lenye bitana laini, akalishona kwa moyo wote, na kwa mazoea yaleyale, pini mdomoni.

Alilipeleka, na siku iliyofuata mdogo wake alimpigia simu kushukuru. Gauni lilikuwa limemkaa mtoto sawasawa, alisema, ila tangu avalishwe alikuwa analia tu, hasa akibebwa begani.

Pengo alikata simu. Akabana pini mdomoni, akasimama mbele ya kioo. Moja ikateleza pembeni mwa mdomo, ikaanguka. Hakuhisi kitu. Njia nzima ya kwenda kwa mdogo wake aliomba, kama pini ilimponyoka jana, awe ameimeza, imchome yeye tumboni, si mtoto.

Alikuta gauni limevuliwa, liko kitandani kando ya mtoto. Mdogo wake alipoingia jikoni, Pengo alipapasa bitana, mshono kwa mshono, mpaka kwenye bega. Ilikuwepo. Akaichomoa, akaifumba mkononi. Hakuna aliyemwona. Akinyamaza, mambo yangeishia hapo, na alitamani kunyamaza kuliko alivyowahi kutamani kitu.

Mdogo wake alirudi, akakaa kando ya mtoto, akamfunua mgongo. Palikuwa na mkwaruzo mwekundu, mrefu, ulioanzia begani.

"Ni mimi, dada. Nimemkwaruza kwa kucha."

Akanyoosha mikono. Kucha alikuwa amezikata mpaka kwenye nyama, vidole viwili vina damu iliyokauka. Alieleza kwamba tangu jana baba mtoto ndiye anayemwogesha na kumbeba, yeye anaogopa kumgusa. Labda hakuumbiwa ulezi, alisema, na alisema bila kulia, jambo lililomwumiza Pengo zaidi.

Pengo aliona aibu mpaka masikio yakawaka. Akafungua kiganja.

"Si kucha zako, mdogo wangu. Ni pini yangu. Daktari alinikataza kuziweka mdomoni, nikaziweka."

Tone la mate likadondoka kiganjani, kando ya pini. Hakuhisi likitoka. Aliliona tu, akainua macho kwa mdogo wake, akingoja aguse kidevu.

Mdogo wake aliyatazama yale mate, akaitazama pini. Hakugusa kidevu. Alimwinua mtoto, akampakata kwa vidole vyake vyote vilivyokatwa kucha, akampa dada yake mgongo.