Mafuta ya Cherehani

Mume wangu ni fundi cherehani, na kwake yeye hakuna kisichotibika kwa mafuta ya cherehani. Kitasa kikikwama, tone. Mkasi ukigoma, tone. Bawaba ikilia, tone. Basi juzi akasikia gurudumu la nyuma la baiskeli yangu linakoroma, akaona kile kitundu cha mafuta kwenye habu, pale katikati ya gurudumu, akamimina kichupa kizima. Wala hakuniambia. Eti alitaka kunifurahisha!

Baiskeli ile ni ya zamani, haina breki za mkononi. Ukitaka kusimama unakanyaga pedali kinyumenyume, na breki yenyewe imejificha ndani ya habu, chuma kwa chuma, inapata moto. Inataka grisi nzito. Mafuta mepesi yanaiyeyusha, ndani kunabaki uji mtupu, na breki haishiki.

Asubuhi nikampakia binti yetu nyuma, tukashuka mteremko wa kwenda shule. Nikakanyaga. Pedali zikarudi nyuma bure, kama hazijafungwa popote. Mtoto alining'ang'ania kiunoni akapiga kelele mpaka sauti ikakauka. Nikaona heri nijitupe kwenye ua wa watu. Tulipata michubuko tu, namshukuru Mungu, lakini nilirudi nyumbani damu inanichemka.

"Si hamkuumia?" akaniuliza, mguu bado uko kwenye cherehani.

Nusura nimrushie pampu. Nikamtoa kwenye kiti chake, nikamkalisha uani, karai la mafuta ya taa mbele yake. Akafungua habu, akaosha gololi zote, akafuta kila chuma kwa vitambaa vyake mwenyewe. Kisha nikamsogezea kopo la grisi.

"Mke wangu, mimi nilitaka tu..."

"Paka!"

"Nimeshapaka."

"Ongeza! Hii si suruali ya mtu, kwamba ukikosea unafumua!"

Jioni tulikwenda wote watatu juu ya mteremko uleule, nikamwamuru aijaribu mwenyewe. Akashuka, akakanyaga, gurudumu likasimama papo hapo. Akapanda kilima anaisukuma, jasho linamtoka, meno yote nje.

"Imeshika!" Akakipigapiga kiti cha nyuma kwa kiganja kumwita binti yetu. "Haya, panda, baba akurudishe nyumbani."

Mtoto hakumtazama. Alinitazama mimi.

"Mama, baba ameigusa?"

Nilikuwa na maneno ya kumpa mume wangu mpaka kesho yake. Badala yake nikamwonea huruma nisivyotaka.

"Ameigusa," nikasema. "Lakini nilikuwa namwangalia."

Mtoto akarudi nyuma hatua moja.

"Basi mimi nitatembea," akasema, akashika njia ya nyumbani. Baba yake akabaki amesimama na baiskeli, grisi imemjaa mpaka kwenye viwiko.