Robo ya Mzunguko

Maktabani kwetu chuoni Duluth, wanafunzi wa kemia ya kaboni husoma wawili wawili, wala si kwa mapenzi. Mmoja hushika molekuli ya mipira na vijiti, mwenzake hukaa ng'ambo ya meza na kusema anachoona. Tangu Paige, mwenzangu wa mezani, aache somo, mimi nilishika, nikazunguka meza, nikakaa, nikajijibu mwenyewe. Watu walinitazama. Mtihani haukunitisha hata kidogo. Nilichotaka ni Paige arudi.

Jumamosi mchana akaja kunirudishia glavu zangu, theluji imemjaa nyweleni.

"We Signe, bado umo humu? Utaota mizizi!"

"Nisaidie swali hili moja tu."

"Mmh! Ndivyo ulivyonibembeleza mwezi wa tisa, nikajuta."

Akakaa hata hivyo. Swali lilikuwa la aina ileile iliyomtoa machozi: ugeuze mchoro wa kabari na vistari, unaoonyesha mkono upi wa molekuli unakuja kwako na upi unakwenda nyuma, uwe msalaba wa Fischer. Katika msalaba huo, mikono ya kushoto na kulia inakuja kwako. Ya juu na chini inakwenda nyuma. Paige akachora harakaharaka, mnyororo wa kaboni umelala, kisha akaizungusha karatasi robo ili usimame.

"Haya! Mkono wa haidroksili uko kulia. Bisha sasa!"

Sote tumewahi kulifanya kosa hilo. Ukizungusha robo, mikono iliyokuwa ikija inakuwa ya kwenda nyuma, na unabaki na molekuli nyingine kabisa, pacha wake wa kwenye kioo. Niliona kabla hajaweka kalamu chini.

"Eti, nimepata?"

"Umepata."

Uso ukamchanua. Akavua koti, akanisimulia habari za mwalimu wake wa uhasibu anayetafuna karoti darasani, tukacheka mpaka watu wa meza ya jirani wakaguna. Nilikuwa na furaha, na nilijua nimeiiba.

"Unajua nini, shosti?" akasema. "Kumbe kichwa ninacho. Ombi langu la kuacha somo halijapitishwa. Jumatatu nalifuta, tunafanya mtihani pamoja."

Nilitamani kunyamaza. Lakini angeingia mtihanini na robo yake, angefeli, na alama hiyo ingemfuata kila anakoomba nafasi.

"Paige, ile karatasi uliizungusha robo. Umekosa."

"Si umesema nimepata?"

"Nilisema."

"Kwa nini sasa?"

"Ili ukae."

Alinitazama. Angenifokea ningepata nafuu. Akavaa koti taratibu, akafunga zipu mpaka kidevuni.

"Wiki zote hizi unanitumia maswali ya kemia," alisema. "Hukuwahi hata siku moja kuniambia umenikumbuka. Ungesema hivyo tu, Signe, ningekuja."

Akaondoka, akaniachia glavu zangu mezani.