Datsun Nyekundu ya Mukuka

Kabla Mukuka hajarudi kutoka Kitwe, Zambia, na Datsun yake nyekundu, hapakuwa na gari Lubumbashi lililogeuza shingo za watu kama Toyota ya Kapya. Ilikuwa Corolla ya manjano, imeshushwa hadi karibu iguse lami, magurudumu mapana, usukani mdogo wa mbao. Kapya alikuwa mpiga picha katika mtaa wa Kamalondo, na wateja wake walipenda kupigwa picha wakiiegemea kuliko kukaa mbele ya pazia la studio.

Wenye magari ya namna hiyo walikuwa wachache, na walipopishana waliwashiana taa. Mara ya kwanza Datsun ilipotokea karibu na posta, dereva wake aliwasha taa, akatoa na mkono dirishani. Kapya akajifanya anarekebisha kioo.

"Ile motokari iko na sauti muzuri," alisema Chileshe, mkewe, aliyekaa kando yake. "Na ile rangi! Njo ya nani?"

"Sijue. Iko kelele tu."

Lakini kuanzia hapo akawa anaitafuta. Akiiona imesimama mbele ya duka la mikate, alizunguka mtaa mzima ili aipite tena. Alitamani kujua kilichokuwa chini ya boneti, ila kuuliza hakuweza. Jumamosi moja alikuta bibi harusi amepanda Datsun, wakati maharusi wote wa Kamalondo walikuwa wakimwomba yeye. Jioni ile hakula vizuri. Kesho yake alikata springi za Toyota, ikashuka zaidi.

Jumapili iliyofuata, kwenye barabara ya Luano, aliiona nyuma yake. Mukuka akawasha taa kama kawaida yake. Kapya akakanyaga mafuta. Datsun ikaja, ikawa sambamba naye, ikampita bila taabu, naye akazidi kukanyaga, macho kwenye ule mgongo mwekundu. Tuta hakuliona. Toyota ikagonga chini kwa kishindo, na oili yote ya injini ikamwagika barabarani.

Mukuka alirudi na kamba.

"Pole, yaya Kapya," alisema, kama anayemwita kaka mkubwa. " Tutakuvuta pole pole."

"Unajua jina langu?"

"Nani hakujue?"

Wakaingia Kamalondo hivyo, Datsun mbele, Toyota nyuma imefungwa kamba kama mbuzi. Watu walishangilia. Kapya alishika usukani wake wa mbao na kuomba ardhi immeze.

Nyumbani, Mukuka akapiga magoti akachungulia chini ya Toyota. Akapapasa gurudumu moja, taratibu.

"Haya magurudumu, yaya, nilitafuta Zambia yote. Sikupata. Ile siku ya posta nilikuwashia taa, ukanikatala. Niliumia."

Kapya akaigeukia Datsun. "Fungua capot," akasema.

Mukuka akafungua boneti. Kabureta mbili, zinang'aa kama vyombo vya harusi. Kapya aliziangalia hadi Chileshe akawaita kula.

Walitengeneza Toyota pamoja. Ilipopona, Mukuka akaomba kitu kwa aibu: wabadilishane magari, kwa Jumamosi moja tu. Kapya alikubali upesi, kabla hajajizuia.

Siku hiyo aliendesha Datsun, usukani upande wa kulia kama magari yote ya Zambia, kiwiko kikielekea wapita njia. Watu walimpungia. Injini iliitika kila alipoigusa. Ndicho alichokuwa akikililia moyoni, na sasa kilikuwa mikononi mwake.

Kisha, karibu na posta, Corolla ya manjano ikaja kutoka upande wa pili. Hakuwahi kuiona ikitembea. Daima alikuwa ndani yake. Ilipita chini, tulivu, jua likiteleza juu ya paa lake, na wasichana kando ya njia wakageuka wote pamoja. Mukuka akawasha taa, anacheka.

Kapya hakuwasha. Alimtazama yule mtu mwenye bahati ndani ya Toyota, na wivu ukamwingia upya.