Kidonda Kilichogoma

Hospitali nzima walimwita Bibi Rula, kwa sababu hakuna kidonda kilichopita mikononi mwake bila kupimwa. Kila wiki muuguzi huyo aliweka karatasi ya plastiki juu ya kidonda, akachora ukingo wake kwa wino, akaandika tarehe. Wenzake walimtania kwamba hata chunusi angeipigia rula.

Basi akaletwa fundi seremala, mtu wa makamo, patasi imemteleza ikamchana muundi. Lilikuwa jeraha la kupona kwa wiki nne, tano zikizidi sana. Ikafika wiki ya tisa, na michoro yote tisa ni pacha. Sukari ilipimwa, haikuwa na neno. Mishipa ilikuwa inapitisha damu vizuri. Dawa zilibadilishwa mara mbili, kidonda kikabaki palepale.

Kilichomkera Bibi Rula zaidi ni kwamba fundi hakulalamika. Bandeji ikibanduliwa kila mtu huguna. Yeye alitazama ukuta tu. Mkewe ndiye aliyekuwa akisema kwa niaba yake: tangu mwaka jana chakula hakipiti, usingizi umemhama, karakana ameifunga. Hata mafua yaliyowapata watoto kwa siku tatu, kwake yalikaa mwezi mzima.

Bibi Rula akabaki ameshika koleo hewani. Mafua mwezi mzima. Kidonda wiki tisa. Mwili huu ulikuwa umeacha kujiponya.

“Fundi,” akauliza taratibu, “mbali na mguu, wewe mwenyewe ukoje?”

Fundi akajibu akiutazama ukuta. “Dada, mimi nilishakufa. Nangoja kuzikwa tu.”

Mkewe akajifunika uso kwa mikono. Bibi Rula hakumwambia fundi ajikaze wala amshukuru Mungu. Alimfunga bandeji, akamshika mkono, akampeleka saa ileile kwa daktari wa afya ya akili ghorofa ya pili, michoro tisa ikiwa kwapani.

Daktari alizungumza na fundi saa nzima, kisha akawaeleza wote watatu. Hii ilikuwa sonona kali, ugonjwa kamili, si uvivu wala kudeka. Nayo haikai kichwani peke yake: huuweka mwili katika hali ya hatari mchana kutwa, mpaka askari wa kinga wanavurugika, wengine wanazubaa, wengine wanapigana pasipo adui. Kidonda nacho kinawategemea askari haohao. Ila tusiitwike sonona kesi yote, akaonya. Njaa na kukosa usingizi nazo zina mkono wao. Akaandika dawa, akapanga mazungumzo kila wiki, akamwomba mke asimwache peke yake.

Wiki ya kwanza ya matibabu hayo, bila. Ya pili, bila. Ya tatu mke alisema fundi amelala usiku kucha na kuomba uji mwenyewe, lakini mchoro ukawa uleule. Bibi Rula akajiambia haraka haraka haina baraka, ingawa roho ilikuwa juu.

Wiki ya tano akachora, akashtuka. Akachora tena kwenye karatasi mpya. Ukingo ulikuwa umeingia ndani milimita nne, na pembeni nyama changa nyekundu inang'aa. Akapanda ngazi mbili mbili, mtu mzima mwenye wajukuu, akamwekea daktari michoro juu ya chai yake. Daktari alisema mtu mmoja si ushahidi. Lakini alisema huku anacheka, na tangu wiki ile kila mwenye kidonda sugu aliulizwa pia anavyokula, anavyolala na anavyojisikia.

Cha fundi kilifunga wiki ya kumi na moja tangu aanze dawa za daktari. Siku ya mwisho Bibi Rula alijiandaa kusikia shukrani. Fundi alikuwa anauyumbisha mlango wa chumba huku na huku, uso umekunjamana kwa hasira.

“Dada, nani aliwatundikia hiki kioja? Bawaba zimepinda zote.”

Mkewe akaangua kicheko, na Bibi Rula akamfuata, wakacheka mpaka machozi. Fundi aliwatazama bila kuelewa, kisha akaomba aletewe bisibisi.