Nipo Njiani

Mdogo wangu ni fundi friji, na mtaa mzima ulimwita Nipo Njiani. Ukimpigia simu kuhusu friji yako atakujibu hivyo hivyo, huku unasikia kijiko kikigonga kikombe cha chai. Hakuwa na nia mbaya. Alipenda tu kumfurahisha kila mtu, basi kila mtu aliambiwa ndiyo.

Kanisani vilevile. Shemasi alipotafuta mtu wa kumleta ibadani mzee mmoja, fundi cherehani mstaafu aliyepooza miguu, mdogo wangu ndiye aliyenyoosha mkono wa kwanza. Watu wakacheka chinichini. Mimi nikatazama sakafu.

Jumapili mbili alienda. Ya tatu akapitiwa na usingizi, akaona aibu kupiga simu. Saa nane mchana dhamiri ikamsuta, akaenda kuomba radhi. Akamkuta mzee mlangoni kwenye kiti chake cha magurudumu, suti imepigwa pasi, tai shingoni, Biblia mapajani. Alikuwa hapo tangu saa mbili asubuhi.

"Mke wangu alitaka kunirudisha ndani nile," mzee akasema. "Nikamwambia tungoje, kijana kasema anakuja."

Hakumgombeza, na hilo ndilo lililomuuma. Jioni ile mdogo wangu alikuja kwangu, akakaa jikoni bila kugusa chakula.

"Dada, mtaa mzima unanicheka, yeye akaniamini." Akalia, mwanaume mzima na ndevu zake.

Nilimwacha alie. Kisha nikamwambia, "Usiniahidi kitu mimi. Wewe nenda tu."

Jumapili iliyofuata alikuwa kwa mzee saa moja na nusu, viatu vimepigwa rangi. Na iliyofuata. Na iliyofuata. Akaacha kusema ndiyo ovyo ovyo. Wateja wakaanza kusikia, "Leo siwezi, nitakuja kesho saa nne," na kesho saa nne yupo mlangoni na mkoba wake wa vifaa. Wengine walinuna, wakazoea, mwisho wakaleta na friji za ndugu zao.

Mwaka ukapita. Jumapili moja mvua ilinyesha tangu alfajiri, na njia ya kwa mzee ilikuwa imechimbwa mtaro wa kupitisha mabomba. Kiti hakipiti.

"Mwanangu, leo tupumzike," mke wa mzee akasema. "Mungu anaona."

"Anaona, mama. Ila leo ni zamu ya mzee kusoma Neno."

Akachuchumaa, akambeba mzee mgongoni, mama akiwafuata na mwavuli. Akamketisha ng'ambo ya pili, kwenye kibaraza cha duka, kisha akarudi kukichukua kiti, akakibeba kichwani.

Wimbo wa kwanza ulikuwa haujaisha walipoingia. Suruali yake tope mpaka magotini, suti ya mzee haina hata doa. Akamsukuma hadi mbele, akakaza breki, akamshushia kipaza sauti. Mzee akasoma taratibu, kila neno na uzito wake, na shemasi aliyekuwa amesimama kando akasahau kukaa.

Mama mmoja mgeni, nyuma yangu, akaninong'oneza, "Yule kijana aliyelowa ni nani?"

Nikageuka mzima mzima kwenye benchi.

"Mdogo wangu," nikasema, wala sikunong'ona. "Tumbo moja."