Gari Linalonguruma Bila Kwenda

Shemeji yangu hanipendi, nami simpendi, kwa hiyo hapo hatudaiani. Tunamwita Mhandisi kwa sababu aliwahi kufungua redio ya mama yake, akashindwa kuifunga. Huyo ndiye aliyetaka kuninyang'anya gari.

Gari aliniachia marehemu mume wangu. Mimi ni mkunga. Wanawake wangu wanakaa huko juu mlimani, na uchungu hausubiri mtu atembee kwa miguu. Bila gari sina kazi. Mhandisi alilijua hilo. Kila jioni alichungulia mshale wa mafuta, halafu akapeleka maneno kwa mama mkwe: "Huyu mjane anazurura. Mafuta yanakwenda wapi?" Ukoo ukapanga kukaa kikao Jumapili, gari lirudi kwao.

Nazurura! Mimi, ninayelala nusu nimevaa viatu!

Mafuta yalikuwa yanaishia pale pale uani. Tangu baridi ilipoingia, kila alfajiri nililisikia gari linanguruma chini ya dirisha langu, vioo vimeganda, moshi unaingia hadi chumbani, na haliendi popote. Linapashwa moto. Nikitoka, limeshazimwa, halina mtu, boneti ina joto. Ujinga mtupu! Gari la siku hizi unaliwasha, unafunga mkanda, unaondoka polepole, joto linalipata njiani. Kulipasha likiwa limesimama ni kulilisha bure. Hata na marehemu tuligombana kwa hilo hilo: analiwasha, kisha huyoo, anarudi ndani kunywa chai na mama yake.

"Ni wewe," nikamwambia Mhandisi. "Unamaliza mafuta makusudi ili unisingizie."

"Mimi? Niamke kwenye baridi hii, nimerogwa?" Akacheka. "Shemeji, mfa maji haachi kutapatapa."

Nusura nimzabe kibao. Nikaanza kulalia ufunguo chini ya mto. Wapi! Wa akiba ulikuwa kwao, ng'ambo ya ua, na gari likaendelea kunguruma.

Ijumaa alfajiri simu ikalia: mama mmoja wa huko juu, uchungu umemshika. Na nje gari linanguruma. Leo ndio leo! Nikakamata ufagio, nikatupia koti juu ya gauni la kulalia, nikatoka na kuufungua mlango wa dereva kwa nguvu.

Hakuwa Mhandisi. Alikuwa mama mkwe, kavaa koti la mwanawe, mikono kaiweka mapajani. Hajui hata gia iko wapi.

"Mama! Unaniacha nisemwe ukoo mzima, na kumbe ni wewe?"

"Ni mimi." Hakunitazama. "Mwanangu akiliwasha, nilijua nina muda. Nitampa chai, nitamfunga vifungo, nitamuaga. Siku ile ukamkemea hapa hapa uani, nilikusikia: 'Nenda tu, unapoteza mafuta.' Akaondoka gari likiwa baridi. Natoka na kikombe changu, nakuta uwanja mtupu. Jioni nikaletewa maiti."

Moyo wa mume wangu ulisimama akiwa kazini. Hakuna daktari aliyetaja mafuta. Nilitaka kumwambia hivyo, tena kwa ukali, lakini nikauweka ufagio chini.

"Jumapili nitawaambia ni mimi," akasema, akashuka. "Gari lako hilo. Baki nalo."

Nikaketi kwenye usukani. Mshale ulikuwa umekaribia nyekundu. Mafuta yangenifikisha mlimani, si zaidi. Na mzazi alikuwa ananingoja. Nikashusha kioo.

"Mama, niage basi."

Alisimama tu, koti lile limemfika magotini. Nikangoja. Injini ikanguruma hapo hapo, nami nikaiacha.

"Nenda tu," akasema. "Unapoteza mafuta."